Kasi ya Mtandao Si Dhamana ya Usalama

Usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, sehemu kubwa ya Kenya iliingia gizani kwa ghafla. Hata katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta, Nairobi, abiria walijikuta wakipapasa njia kwa mwangaza wa simu zao. Kulipokucha, wananchi waliotaka kujua kiini cha balaa hilo walipewa majibu mawili yasiyopatana. Upande wa serikali na kampuni ya Kenya Power ulieleza kuwa kituo cha umeme wa upepo cha Ziwa Turkana, kilichokuwa kikitoa megawati 270, kilijiondoa katika gridi ya taifa na kuiyumbisha. Wenye kituo wakakana. Walisema kwamba volteji ya gridi yenyewe ndiyo iliyopanda kupita kiasi, na mitambo yao ikajizima ili isiungue.

Sikusudii kuwa hakimu wa kesi hiyo. Ninalotaka wasomaji walizingatie, hasa walimu na wanafunzi, ni sura ya ubishi wenyewe. Kwamba kituo kilizimika, hakuna aliyekataa. Kwamba gridi ilianguka, nchi nzima ilishuhudia. Lililobishaniwa ni jambo moja tu: lipi lilitangulia? Katika gridi ya umeme, baina ya tukio la kwanza na la pili huenda pakawa na sehemu ya mia ya sekunde. Macho ya binadamu hayawezi kuyaona hayo. Shahidi pekee ni vifaa vilivyotawanyika nchini kote, na ushahidi wao hauna thamani iwapo saa zao hazipatani, au iwapo ujumbe wao hufika kwa bahati nasibu.

Hapo ndipo tunapoingia katika mada ambayo magazeti yetu aghalabu huipitia mbali: mawasiliano ya kompyuta katika mifumo ambayo ikikosea, watu hufa. Umeme ni mmoja wa mifumo hiyo, ndege ni mwingine, reli pia. Mifumo hii haina ubongo mmoja. Ina kompyuta ndogo nyingi zilizotengana, kila moja ikijua kipande chake, na sharti ziambizane habari kwa wakati. Siku hizi nyingi kati yake huambizana kwa etheneti, mtandao wa jamii ile ile inayounganisha kompyuta za ofisi na za maabara za shule. Rai yangu ni kwamba mtandao huo haufai kubebeshwa roho za watu kwa sababu tu una kasi. Kinachohitajika ni ahadi ya wakati, na ahadi hiyo haina budi kujengwa ndani ya maunzi, yaani viungo vya kompyuta vinavyoshikika kwa mkono: saa, chipu, milango na nyaya. Programu peke yake haitoshi.

Pengine mkazi wa Kwanza, au wa Bungoma, atauliza haya yanamhusu nini. Yanamhusu sana. Kaskazini mwa Kitale kuna bwawa la Turkwel, lenye mitambo ya megawati 106, na umeme wake hubebwa na nyaya za kilovolti 220 hadi Lessos. Upande wa magharibi, nyaya za kilovolti 132 kutoka Tororo hukatiza nchi ya Bungoma kuelekea huko huko Lessos. Ndiyo njia ambayo kwayo umeme wa Owen Falls, Jinja, ulianza kuvuka mpaka na kuingia Kenya mnamo mwaka wa 1958. Kwa hiyo wakulima wa mahindi na wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wa sehemu hizi wanaishi kandokando ya mishipa mikuu ya umeme wa Afrika Mashariki. Mshipa ukipasuka, maziwa huharibika katika matangi ya baridi, mashine za kusaga hunyamaza, na mama aliye katika chumba cha kujifungulia hospitalini hutegemea jenereta ambayo huenda ikakubali kuwaka au isikubali.

Mishipa hiyo hulindwa na vifaa viitwavyo rilei. Kazi ya rilei ni kupima umeme bila kupumzika na, ikiona hitilafu, kuamuru kikatio, ile swichi kubwa ya kukata umeme wa waya mzima, kifunguke. Rilei ikichelewa, transfoma huungua, au waya ulioanguka shambani huendelea kuwa na umeme mtoto akipita. Rilei ikiwa na pupa, nayo hukata waya mzima usio na kasoro na kuutwika mzigo wake kwa wengine. Tulionja uchungu wa hitilafu ndogo kuzaa kubwa tarehe 7 Juni 2016, tumbili alipoangukia transfoma katika kituo cha Gitaru, kwenye mto Tana. Transfoma ilijizima, mitambo mingine ikalemewa, zaidi ya megawati 180 zikapotea, na taifa zima likakosa umeme kwa saa kadhaa. Tumbili alinusurika, gridi haikunusurika.

Sasa tuitazame saa ambayo rilei hufuata. Umeme wetu hucheza mara 50 kwa sekunde, maana yake kila duru huchukua milisekunde 20, na milisekunde ni sehemu ya elfu moja ya sekunde. Katika vituo vya kisasa, rilei haivutani tena na wenzake kwa nyaya za shaba, waya mmoja kwa kila amri. Hutuma ujumbe kwa etheneti kwa kufuata kiwango cha kimataifa kiitwacho IEC 61850. Kiwango hicho kinataka amri ya haraka zaidi ya kukata umeme ndani ya kituo ivuke mtandao kwa muda usiozidi milisekunde 3. Haisemi milisekunde 3 kwa wastani. Inataka hivyo kila mara, hata siku ya radi, wakati kila kifaa kituoni kinapiga kelele kwa pamoja. Na siku ya radi ndiyo siku yenyewe ambayo amri hiyo huhitajika.

Je, etheneti ilizaliwa kwa kazi hiyo? La. Robert Metcalfe na wenzake waliibuni mwaka 1973 katika maabara ya kampuni ya Xerox huko California ili kuunganisha kompyuta za ofisini na mashine ya kuchapisha. Adabu yake ya awali ilikuwa kama ya watu barazani wasio na mwenyekiti. Anayetaka kusema husikiliza kwanza. Akikuta kimya, husema. Wawili wakianza kwa pamoja, maneno yao hugongana na kuharibika, wote hunyamaza, na kila mmoja husubiri muda wa kubahatisha kabla ya kujaribu tena. Kifaa kikijaribu mara 16 bila kufaulu, hukata tamaa na kuutupa ujumbe. Kwa barua ya ofisi, hakuna hasara kubwa, itatumwa upya. Kwa amri ya kukata umeme wa kilovolti 220, kutupwa kwa ujumbe kwaweza kuwa kifo.

Mtaalamu atanikosoa kwamba migongano hiyo imekwisha zamani. Ni kweli. Swichi za mtandao za siku hizi humpa kila msemaji njia yake, na sauti hazigongani tena. Lakini mgongano umeondoka, foleni ikaja mahali pake. Hebu wanafunzi wachukue kalamu tufanye hesabu. Fungu kubwa la kawaida la etheneti lina baiti 1,518, sawa na biti 12,144. Katika mtandao wa biti milioni 100 kwa sekunde, fungu hilo huchukua takriban milisekunde 0.12 kupita mlangoni. Ni muda mdogo. Lakini amri yetu ikikuta mafungu 10 ya namna hiyo yametangulia kwenye mlango wa swichi, itasubiri milisekunde 1.2. Ikilazimika kupitia swichi tatu zenye foleni kama hiyo, imekwisha kupoteza milisekunde 3.6, na muda wake wote ulikuwa milisekunde 3. Mtandao ni wa kasi, haukukatika, haukukosea hata biti moja. Ila amri imefika baada ya mazishi.

Kuna wanaodhani dawa ni kununua mtandao wa kasi mara kumi zaidi. Dawa hiyo hupunguza maumivu bila kuutibu ugonjwa. Barabara ikipanuliwa, magari huongezeka. Leo ni rilei, kesho zitaongezwa kamera za ulinzi na simu za ofisi kwenye nyaya zizo hizo. Wengine husema ujumbe wa dharura upewe kipaumbele. Hilo husaidia sana, lakini katika swichi ya kawaida, fungu lililokwisha kuanza kupita haliwezi kukatizwa, na amri mbili za dharura zikikutana bado moja itamngoja mwenzake. Anayesimamia mfumo wa usalama hawezi kuridhika kuambiwa kuwa aghalabu mambo huwa sawa. Anataka kuonyeshwa ukomo: ujumbe huu, hata mambo yakiharibika vipi, hautachelewa kupita hapa.

Ukomo huo hupatikanaje? Jambo la kwanza ni saa. Chukua waya mrefu wa umeme wenye rilei kila upande. Moja hupima mkondo unaoingia, nyingine hupima unaotoka, kisha hulinganisha. Vipimo vikipatana, waya ni salama. Visipopatana, mkondo umepotea njiani na sharti waya ukatwe. Lakini vipimo viwili hulinganishwa kwa haki iwapo vilichukuliwa kwa wakati mmoja. Duru moja ya milisekunde 20 ni nyuzi 360. Kwa hiyo kosa la milisekunde 1 ni nyuzi 18. Mwalimu wa hisabati na awape wanafunzi wake mawimbi mawili yaliyo sawa kabisa, yaliyoachana kwa nyuzi 18, watafute tofauti yake. Watapata wimbi lenye kimo cha takriban asilimia 31 ya lile la asili. Rilei itaona theluthi ya mkondo imetoweka, ilhali hakuna kilichopotea ila uaminifu wa saa. Itakata waya mzima kwa kosa la kusingiziwa.

Rilei nyingi hujaribu kuipata saa ya mwenzake kwa mbinu rahisi: hutuma ujumbe, hungoja jibu, huuchukua muda wa kwenda na kurudi, na kuugawa kwa mbili. Mbinu hiyo ni njema iwapo njia ya kwenda na ya kurudi ni sawa. Kwa faiba iliyotengwa kwa kazi hiyo tu, huwa sawa. Mwanga hutumia takriban maikrosekunde 5 kwa kila kilomita, hivyo kilomita 400 ni milisekunde 2 tu, na hazibadiliki asubuhi wala jioni. Katika mtandao wa foleni, ujumbe huenda ukasubiri wakati wa kwenda na usisubiri wakati wa kurudi. Nusu ya jumla basi inakuwa uongo, na rilei haina njia ya kuugundua.

Hapa ndipo programu inaposhindwa na maunzi yanapohitajika. Ukiachia programu ya kompyuta iandike saa ya kufika kwa ujumbe, itaandika wakati ilipopata nafasi, si wakati ujumbe ulipogonga mlango. Baina ya hayo mawili kompyuta huenda ilikuwa ikishughulikia kazi nyingine. Ndiyo sababu kiwango cha kupatanisha saa kiitwacho IEEE 1588, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 2002, hufanya kazi vyema kabisa pale ambapo chipu iliyo mlangoni kabisa hupiga mhuri wa saa wakati biti za kwanza zinapopita. Swichi nayo ikiwa na maunzi ya namna hiyo, hupima muda ambao ujumbe wa saa umekaa ndani yake na kuutangaza, ili mpokeaji autoe katika hesabu. Foleni haitoweki, hupimwa na kuandikwa. Kwa njia hiyo vifaa vilivyotengana hupatana hadi chini ya maikrosekunde moja.

Saa zikishapatana, jambo la pili huwezekana: ratiba. Hermann Kopetz, profesa wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Vienna, Austria, alitumia miongo kadhaa kufundisha kwamba katika mifumo ya usalama ujumbe usitumwe kila mtu anapojisikia, bali saa yake ipangwe kabla mfumo haujawashwa. Mafunzo hayo yalizaa etheneti ya ratiba, iliyowekewa kiwango mwaka 2011 na ambayo huunganisha kompyuta za chombo cha Orion, kile kilichozunguka mwezi bila abiria mwishoni mwa mwaka 2022. Baadaye, mwaka 2015, shirika la wahandisi la IEEE lilitoa kiwango cha swichi zenye milango inayofunguka na kufungwa kwa saa. Mlango wa barua za kawaida hufungwa mapema, ili amri ya usalama ikifika ikute njia nyeupe. Programu huandika ratiba. Maunzi huitekeleza bila kuchoka na bila kusahau.

La tatu ni kumdhibiti mropokaji. Kifaa kibovu hakinyamazi kila mara. Pengine huanza kupayuka, kikijaza mtandao upuuzi hadi wenye la maana wakose nafasi. Katika ndege kama Boeing 787, ambayo Shirika la Ndege la Kenya lilipokea ya kwanza mwezi Aprili 2014, mtandao wa data ni wa jamii ya etheneti, lakini kila njia ya ujumbe ina kipimo chake: lazima muda fulani upite kati ya fungu moja na jingine. Swichi hulinda kipimo hicho. Kifaa kikizidisha, mafungu ya ziada hutupwa papo hapo, na wengine hawasikii kelele zake. Hatumwombi mropokaji ajirekebishe. Mlinzi yuko mlangoni, na mlinzi huyo haihitaji ridhaa ya programu iliyoharibika.

La nne ni kutuma nakala mbili. Ujumbe mmoja hupitia mitandao miwili iliyotengana. Mpokeaji huchukua nakala inayotangulia na kuitupa ya pili. Mtandao mmoja ukikatwa na tingatinga la watengeneza barabara, hakuna ujumbe unaopotea na hakuna muda wa kutafuta njia mpya. Mbinu hii hutumika katika ndege na katika vituo vya umeme vya kisasa. Kuichambua kila nakala kwa kasi ya waya wenyewe ni kazi ya kufaa chipu, maana programu ikiachiwa hesabu hiyo kwa kila fungu, yenyewe ndiyo itakayokuwa foleni mpya.

Wasomaji wasidhani kwamba hekima hii ni ya juzi. Mwezi Septemba 1874, huko Thorpe karibu na mji wa Norwich, Uingereza, treni mbili ziligongana ana kwa ana kwenye njia moja. Watu 25 walikufa. Waya wa simu ya maandishi haukukatika; ujumbe ulipita kwa kasi ya umeme. Kilichokosewa ni ruhusa: kwa kutoelewana, treni zote mbili ziliachiliwa kuingia njiani. Edward Tyer, mhandisi Mwingereza, alitafakari mkasa huo na mwaka 1878 akatoa mashine zake. Stesheni mbili zilipewa visanduku vilivyounganishwa kwa umeme, vyenye vibao vya chuma. Kibao kimoja kikishatolewa upande wowote, visanduku vyote viwili hujifunga, na hakuna kingine kinachoweza kutoka mpaka kile kirudishwe. Dereva asiye na kibao mkononi haingii njiani. Reli ya zamani inayopita Webuye na Bungoma kwenda Malaba ni ya njia moja, na wazee wa reli hawahitaji kufundishwa maana ya ruhusa kwenye njia ya namna hiyo. Tyer hakuongeza kasi ya ujumbe. Aliifanya ruhusa ya pili isiwezekane kutoka, na akaikabidhi kwa chuma badala ya kumbukumbu ya mtu.

Haki inataka nitaje hoja za wanaopinga. Kwanza watasema kwamba maunzi nayo hukosea. Ni kweli tupu. Mwaka 1994 iligunduliwa kuwa chipu ya Pentium ilikosea katika baadhi ya hesabu za kugawanya, na kampuni ya Intel ikatenga dola milioni 475 kugharimia kasoro hiyo. Kosa la programu hurekebishwa kwa kutumwa programu mpya. Kosa lililochorwa ndani ya chipu huzikwa nalo. Jibu ni kwamba kinachotiwa ndani ya maunzi ya usalama kiwe kidogo, rahisi na cha kuhakikiwa: kupiga mhuri wa saa, kufungua mlango, kutupa kilichozidi. Yaliyo magumu na yanayobadilika yabaki kwenye programu, chini ya ulinzi wa hayo machache.

Pili watasema kwamba ujumbe kufika kwa wakati hakuufanyi uwe wa kweli. Hili nalo nalikubali kwa uchungu. Tarehe 10 Machi 2019, ndege ya Ethiopian Airlines iliyokuwa ikija Nairobi ilianguka karibu na Bishoftu na kuua watu wote 157, Wakenya wakiwa wengi kuliko raia wa taifa jingine lolote. Programu iliyosukuma pua ya ndege hiyo, aina ya Boeing 737 MAX, chini ilitegemea kipimo kimoja tu kati ya viwili vilivyokuwepo, na kipimo hicho kilikuwa cha uongo. Hakuna mtandao wowote ambao ungeuponya uamuzi wa kumsikiliza shahidi mmoja. Kwa hiyo nisieleweke kuwa nasema maunzi mazuri ya mtandao ni usalama kamili. Ni msingi. Nyumba yenye msingi yaweza kuanguka kwa sababu nyingine. Isiyo nao, hiyo haina haja ya sababu nyingine.

Tatu watasema, na hili ndilo la kawaida zaidi katika nchi zetu, kwamba mambo haya ni ya Wajerumani na Wajapani. Sisi tushughulikie bei ya mbolea. Wanaosema hivyo husahau kwamba vifaa hivyo vimekwisha kufika. Tunavinunua kila mwaka kwa fedha za walipa kodi na kwa mikopo ambayo wajukuu wa Kwanza watailipa. Swali lililobaki ni iwapo tutakuwa na vijana wanaojua kuvikagua, au tutaendelea kuamini kijitabu cha muuzaji. Mnunuzi asiyejua kuuliza hupewa kilichobaki ghalani.

Napendekeza mambo matatu. Mosi, kila taasisi ya umma inayonunua mtandao kwa ajili ya umeme, hospitali, reli au viwanja vya ndege iache kuuliza tu kasi ni ngapi. Iulize: ujumbe wa dharura utachelewa kiasi gani katika hali mbaya kuliko zote, na nani ameupima ucheleweshaji huo wakati mtandao umejaa? Mhuri wa saa hupigwa na chipu au na programu? Kifaa kimoja kikianza kuropoka, nini hukizuia? Muuzaji asiyeweza kujibu kwa tarakimu asipewe zabuni.

Pili, baada ya kila giza la kitaifa, umma upewe orodha ya matukio kwa mfuatano wake, hadi milisekunde, kutoka vituo vyote vilivyohusika. Marekani na Kanada zilijifunza hilo kwa gharama. Tarehe 14 Agosti 2003 watu wapatao milioni 50 walikosa umeme, na wachunguzi walitaabika kuupanga mfuatano wa matukio kwa kuwa saa za vifaa vingi vya kurekodi hazikupatanishwa. Mojawapo ya mapendekezo yao ilikuwa kulazimisha matumizi ya virekodi vyenye saa zilizopatanishwa. Sisi tulikosa umeme Agosti 2023, tukaukosa tena usiku wa tarehe 10 Desemba mwaka huo huo. Mwananchi anastahili kupewa ushahidi badala ya taarifa mbili zinazorushiana lawama.

Tatu, na hapa nawageukia walimu, somo hili liingie darasani. Tangu mwaka 2016 serikali ilipoanza kupeleka vishikwambi katika shule za msingi, tumewafundisha watoto kwamba kompyuta ni kioo cha kuguswa. Hatujawafundisha kwamba ni saa. Mtaala wa umilisi unatutaka tufundishe kwa vitendo, na hapa vitendo havihitaji fedha. Wapange wanafunzi kumi kwa mstari uwanjani, wapitishe karatasi kutoka mkono hadi mkono mara 50, huku wengine wakiwapitishia vitabu vya kawaida kwenye mstari huo huo. Wapime muda wa kila safari. Kisha waandike wastani, na kando yake waandike safari iliyochelewa kuliko zote. Halafu waulizwe: karatasi hiyo ingekuwa amri ya kukata umeme kwenye waya alioushika mwenzao, wangetumia tarakimu ipi? Mwanafunzi atakayelijibu swali hilo ipasavyo amekwisha kuelewa kiini cha fani nzima.

Vyuo vyetu vina nafasi kubwa zaidi. Kitale kuna chuo cha kitaifa cha ufundi. Bungoma kuna Chuo Kikuu cha Kibabii. Kompyuta mbili, swichi mbili na chipu za kujipangia mwenyewe, ambazo bei yake si ya kutisha, zinatosha kumwonyesha kijana tofauti ya mhuri uliopigwa na programu na ule uliopigwa mlangoni. Vijana wa namna hiyo wakihitimu, kituo cha umeme kitakachojengwa kesho hakitahitaji mtaalamu wa kupandishwa ndege kutoka ng'ambo kila rilei inapokohoa.

Waswahili husema haraka haraka haina baraka, na pengine hawakuwa wakiiwazia etheneti. Hata hivyo methali hiyo ina mafunzo kwa wahandisi. Kasi bila mpango ni kubahatisha, na katika mfumo unaobeba roho za watu kubahatisha ni dhambi. Walimu wa fizikia na hisabati wa Kitale, Kwanza na Bungoma, shime: muhula ujao wapelekeni wanafunzi uwanjani na saa mkononi, mkaanze kupima.